Barua ya Mama Niliyoibeba Hadi Birmingham

Mmeniuliza habari za Ulaya barazani, mmeniuliza mlangoni mwa msikiti, na Athumani akanifuata mpaka bandarini kazini kwangu kuniuliza. Nimewajibu baridi, baridi, baridi, mpaka mkaanza kuniita Bwana Baridi. Basi nimekaa kuandika mara moja tu, msome wote, halafu mniache. Habari za tiketi na makaratasi naziruka. Hazina utamu, na kwa kweli hizi zilizobaki nazo hazina.

Butere hadi Nairobi

Mnajua mimi si mtu wa pwani kwa kuzaliwa. Nilizaliwa karibu na Butere, katika nyumba ya Wakristo, baba yangu akisoma Biblia kanisani kila Jumapili mpaka alipofariki. Nilikuja Mombasa kutafuta kazi, nikasilimu hapo hapo Majengo mbele ya macho yenu, nikaitwa Salim bin Abdallah. Wiki ile ile nikamwandikia mama barua. Niliiandika kwa moto wa ujana, kurasa nne nzima, na sidhani kama nilimuuliza hata hali yake.

Nilipokwenda kumwona baada ya miezi michache, nilimkuta amenyoa nywele zote. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Joto." Ulikuwa msimu wa mvua, ng'ombe wanatetemeka, lakini mimi sikuona ajabu. Nikaenda dukani nikamnunulia dawa ya mba. Aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka juu ya kabati, na sijui kama aliwahi kuifungua.

Tangu siku ile, miaka tisa, mama hakuniita Salim hata mara moja. Wala hakuniita kwa jina la zamani. Aliniita "wewe". "Wewe, umekula?" "Wewe, funga mlango." Nilikuwa nikimpelekea sukari na khanga, nikimpelekea picha zangu nimevaa kanzu, na kitu nilichotaka kwake kilikuwa kimoja tu: aniite Salim. Nilijua siku atakapolitamka jina hilo nitakuwa nimesamehewa.

Ndiyo maana aliponiita mwaka huu nilikwenda mbio. Dada yangu mdogo, Rhoda, ambaye ni nesi huko Birmingham, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, wa kwanza, na tarehe ya ubatizo imepangwa. Mama akatoa bahasha iliyofungwa kwa gundi na kushonewa ndani ya kitambaa cheupe. "Jina la nyumbani la mtoto limo humu," akasema. "Katekista ameniandikia. Jina haliendi kwa posta. Linapelekwa na mtu wa damu. Na usifungue mpaka mtoto awe mbele yako."

Lazima niwaeleze hapa, nyinyi watu wa pwani. Kwetu mtoto hupewa jina la jamaa aliyefariki. Mtoto analia, wazee wanayataja majina ya marehemu mmoja mmoja, na lile atakalonyamazia ndilo lake. Mtu aliye hai jina lake haliguswi. Babu zetu marehemu wako wengi, nikadhani mama amechagua mmoja wao. Sikuwaza zaidi. Nilikuwa nimelewa furaha, maana nina wadogo zangu wawili wa kiume pale pale Butere, Wakristo safi, na mama amewaruka akanichagua mimi.

Gari moshi la Butere lilichelewa, na Kisumu nikakuta la Nairobi limeshaondoka. Nililala stesheni nikiwa nimekumbatia mkoba. Mama alikuwa amenipa pia mfuko wa kumbikumbi waliokaangwa kwa ajili ya Rhoda, na mimi nilikuwa na halua ile mliyoninunulia nyinyi. Abiria wawili waliniomba halua. Niliwanyima, Mungu anisamehe, nikisema ni ya ubatizo. Mmoja akatazama kofia yangu, akacheka mpaka akakohoa.

Angani, na meza ya forodha

Kwenye ndege niliogopa nyama. Mhudumu alileta sahani yenye kipande cha rangi ya waridi kinachong'aa, nikamuuliza ni nini, akasema jina nisilolijua, nikamuuliza tena, akaniambia ni kitamu sana. Nikala mkate na jamu. Mlo wa pili vivyo hivyo. Safari nzima niliishi kwa mkate na jamu, huku nikijipanga moyoni: nyumbani kwa Rhoda nitasemaje wakiniwekea nguruwe, wakinipa mvinyo, wakinitaka niimbe. Niliandaa majibu ya kila namna, ya upole na ya ukali. Nilikuwa nimejifunga kibwebwe.

London, afisa wa forodha aliichoma halua kwa kalamu. Akanusa kalamu. Akamwita mwenzake, naye akanusa. Niliwaambia ni tamu tu, ya sukari, nikamega kipande nikala mbele yao ili waone sifi. Waliniachia. Lakini walipofungua kumbikumbi na kuona mabawa mawili matatu yaliyosalia, yule afisa akaruka nyuma kabisa. Mfuko ukaenda kwenye pipa. Kile kitambaa cheupe akakipapasa, akaona ni karatasi, akanirudishia kwa heshima.

Nikamshukuru Mungu kwamba barua imesalimika. Leo natamani angeitupa barua, akaniachia wadudu.

Treni ya Birmingham, na basi la Aston

Ilikuwa Februari, na wafanyakazi wa migodi ya makaa walikuwa wamegoma, kwa hiyo umeme Uingereza ulikuwa unakatwa kwa zamu, mtaa kwa mtaa. Sikuamini. Nilidhani kukatikiwa umeme ni kwetu. Treni ilisimama kwenye shamba jeupe kwa theluji, saa nzima, na hakuna aliyelalamika. Mama mmoja wa Kizungu aliyekaa mkabala alinipa nusu ya mkate wake wa mayai, baada ya kunifunulia ndani na kunionyesha kwa kidole: yai, yai tu. Sijui alijuaje. Huyo ndiye Mzungu ninayemkumbuka kwa wema, na jina lake sikuuliza.

Stesheni ya Birmingham hakuna aliyekuja kunipokea, kwa sababu tulichelewa na Rhoda alikuwa na mtoto mchanga nyumbani, na shemeji yangu Ezekieli alikuwa kiwandani Tyseley. Nikapanda basi nililoonyeshwa. Kondakta alikuwa Kalasinga, kilemba chake na ndevu zake na mkoba wa tiketi kifuani. Nikamwonyesha karatasi yenye anwani. Akaisoma, akanitazama, akasema:

"Wewe natoka Kenya?"

Nilitaka kumkumbatia. Nikamwambia natoka Mombasa.

"Mombasa wapi! Sura yako si ya Mombasa. Mimi nazaliwa Kisumu. Baba yangu alikuwa na duka Butere, karibu na stesheni."

"Basi mimi ni wa Butere," nikasema. "Lakini nakaa Mombasa."

"Aa! Jina yako nani?"

"Salim bin Abdallah."

Akaacha kukata tiketi. "Butere hakuna Abdallah mimi sijui. Abdallah gani? Baba yako alikuwa na duka? Alikuwa fundi?"

Nikamweleza kwamba nimesilimu, na Abdallah si baba yangu mwenyewe. Akakuna ndevu.

"Sasa baba yako mwenyewe iko wapi?"

"Amefariki."

"Hapana, nauliza kwa jina. Kwa jina yako, baba yako iko wapi?"

Nikageukia dirisha. Kila aliyepanda alimsalimu, naye akirudi kwangu kila mara kunieleza mitaa, na nilipofika Aston alinishusha kwa mkono wake mwenyewe na kunionyesha mlango. Alinitakia heri. Lakini swali lake liliniudhi, nikatembea nikinung'unika kwamba Makalasinga nao wanajua nini habari za watu.

Siku ya ubatizo

Nyumba ya Rhoda ni moja katika mstari wa nyumba zilizoshikana, zote matofali mekundu yaliyoingia masizi. Sebuleni wana jiko la mafuta ya taa ambalo kila mtu analigeukia mgongo. Rhoda alinilaki kwa kilio cha furaha. Alikuwa amenona kidogo, na Kiswahili chake kimeingia Kiingereza kama chumvi.

"Kaka Salim! Karibu. Nilisema na sista wa wodi anipe likizo zaidi, akakataa, nusura niache kazi."

Yeye aliniita Salim, muone. Tangu mwanzo aliniita hivyo, bila shida.

Kisha akanipeleka jikoni akanionyesha sufuria mpya, haijawahi kupikiwa. Ya kwangu. Kuku, Rhoda alikuwa amepanda mabasi mawili kwenda kumnunua kwa mchinjaji Mwislamu, katika baridi ile, wiki chache tu baada ya kujifungua. Ezekieli, aliporudi kutoka Tyseley na grisi kwenye kucha, aliniuliza kibla kiko upande gani ili asogeze kabati. Majibu yangu yote niliyoyaandaa angani yalibaki bila kazi. Niliona haya, na nikaona raha.

Siku ya pili tukaenda kanisani. Nilikaa benchi la mwisho. Sikuimba, hakuna aliyenilazimisha. Maji yalikuwa ya baridi, mtoto akabatizwa Daniel, akaanza kulia, na hakuacha. Alilia njia nzima, alilia nyumbani, alilia wageni wakivua makoti. Walikuwa watu kama kumi na watano, manesi wenzake Rhoda na waume zao, Wakenya wote. Mkubwa wao alikuwa Mama Dorika, mkunga wa siku nyingi mwenye chumba Moseley, ambaye kwao ni jirani na kwetu. Yeye ndiye aliyeshika shughuli ya jina. Umeme ulikuwa umekatwa tangu saa sita, dirisha ndilo taa yetu, na chakula kilikuwa juu ya jiko la gesi.

Mama Dorika alimpakata mtoto akaanza, maana hata kama jina limetumwa ni lazima marehemu waitwe kwanza. Akamtaja babu yetu mzaa baba. Mtoto analia. Akamtaja baba yetu. Analia. Akamtaja ndugu yake baba aliyekufa vitani Burma. Mtoto alikuwa anageuka wa zambarau.

"Haya, wa nyumbani," Mama Dorika akaniambia. "Wewe ndiye umetoka kwa bibi yake. Soma."

Nikakata uzi wa kile kitambaa kwa kisu cha keki. Nikasimama karibu na dirisha. Wageni wote kimya, isipokuwa mtoto. Mwandiko ulikuwa wa katekista, lakini sauti ilikuwa ya mama, naijua. Niliyasoma maneno haya kwa sauti kubwa, kwa fahari, kabla akili yangu haijayafikia:

"Mtoto huyu aitwe Osundwa, kwa jina la kijana wangu wa kwanza."

Mtoto akanyamaza.

Hapo hapo, wenzangu. Kama mtu aliyeziba bomba. Akafungua macho, akatazama dari. Vigelegele vikapigwa, Ezekieli akaja kunipa mkono na kunitikisa mpaka karatasi ikakunjika. Yeye amenijua kwa jina la Salim tu. Wote pale walinijua kwa jina la Salim. Rhoda peke yake ndiye aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake, mkono mdomoni.

Osundwa ni mimi. Ndilo jina nililozaliwa nalo.

Nikasoma sehemu iliyobaki kimoyomoyo. "Yeye mwenyewe aliniandikia kutoka Mombasa kwa mkono wake kwamba Osundwa amekufa. Ilisomwa mbele ya wazee. Nimemlilia, nimenyoa nywele. Jina lake ni zuri, lisipotee."

Nami ndiyo nikakumbuka. Katika kurasa zile nne, mahali fulani nilipokuwa nataka kuonekana mcha Mungu, niliandika: Osundwa amekufa, msimwite tena, aliyebaki ni Salim. Niliona ni maneno mazuri. Nilisahau kwamba mama hajui kusoma, kwamba barua atasomewa uani mbele ya wajomba, na kwamba kwetu hakuna mtu anayetamka kifo cha mtoto kwa ajili ya kupamba barua. Ukisema amekufa, watu wanakaa chini wanalia. Na mimi nikampelekea dawa ya mba.

Mama Dorika alikuwa anamfunika mtoto shali. Akanigeukia kwa huruma ya watu wazima.

"Na huyu marehemu alikuwa nani? Nataka kumwombea."

Watu wakanitazama. Niliweza kusema. Niliweza kucheka nikasema ni mimi, kuna makosa, mama amezeeka. Lakini mtoto alikuwa amenyamaza, na hakuna Mluhya pale ambaye angelirudisha jina baada ya mtoto kulinyamazia.

"Alikuwa kaka yake Rhoda," nikasema.

"Pole sana," akasema Mama Dorika. "Alikuwa mkubwa au mdogo kwako?"

"Tulilingana."

Akafumba macho akamwombea. Nikasimama pale nikiombewa, mikono yangu sijui niiweke wapi. Halafu nikaletewa kuku kutoka sufuria mpya, mimi wa kwanza kuhudumiwa, na wageni wote wakanisubiri nianze.

Jikoni, siku tatu

Asubuhi yake Rhoda alifunga mlango wa jikoni.

"Kaka, sikujua. Naapa sikujua aliandika nini. Niambie tu neno moja, sitalitumia. Ataitwa Daniel, basi. Hapa nani ataniuliza?"

"Mama atauliza."

"Mama yuko mbali."

"Na akiugua mtoto? Watasema alinyang'anywa jina. Wewe mwenyewe utasema."

Hakunikatalia. Ni nesi, ana vyeti, lakini alitazama upande wa kitanda cha mtoto na hakunikatalia.

"Kwani dini yako ilikutaka uandike vile?" akauliza.

Hapo ndipo palinikata. Haikunitaka. Ustadhi wetu, mnakumbuka, aliniambia nikitaka nibaki na jina la baba yangu, kwamba mtu haruhusiwi kuukana ukoo wake. Mimi ndiye niliyeona Abdallah linapendeza. Sina wa kumlaumu, si dini, si mama, wala yule katekista. Nilijifanyia mwenyewe, kwa kalamu, nikatia na stempu.

"Liache," nikamwambia. "Ni lake."

Siku tatu nilizobaki nilimbeba yule mtoto muda mwingi. Rhoda akiita "Osundwa!" kutoka ghorofani, nilikuwa nageuka kabla sijajizuia. Siku ya tatu Ezekieli aliona, akacheka, akasema shemeji masikio yake ni mepesi. Rhoda, aliyekuwa anashuka ngazi, akasikia, akarudi juu. Mimi nikaendelea kumbembeleza mtoto, na nilimchukia kidogo, kiumbe wa wiki sita, kisha nikamwomba radhi sikioni.

Kurudi

Njia ya kurudi sina la kusimulia. Basi lilikuwa la kondakta mwingine. Treni haikusimama popote. Kwenye ndege walileta kile kipande cha waridi, nikasema sitaki, wakaondoa. Nilikula mkate. Nairobi nilitaka kuja moja kwa moja huku kwenu, kwa kweli nilishashika mkoba kuelekea upande wa Mombasa. Lakini mjumbe hurudisha jibu, na mimi nilikuwa mjumbe. Nikapanda la Kisumu.

Butere

Nilimkuta mama uani anachambua mboga za mrenda, karai mapajani. Nywele zake zimejaa, nyeupe zote. Hakusimama. Aliniuliza swali moja.

"Alinyamaza?"

Nilikuwa nimepanga njia nzima kumwambia: Mama, mimi niko hai, ile ilikuwa barua ya kijana mjinga, nisamehe, nirudishie. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Nikamtazama uso wake. Nimemjua mama maisha yangu yote na sijamwona ametulia namna ile tangu baba afariki.

"Alinyamaza," nikasema.

Akaweka karai chini. Akafuta macho kwa ncha ya kitambaa, akashukuru Mungu wake kwa sauti ndogo. Kisha akainuka, akaingia ndani, akatoka na kile kiti chenye kitambaa cha kufuma ambacho sisi watoto tulikuwa tukichapwa kwa kukikalia, kiti cha wageni. Akakipangusa.

"Karibu, Salim," akasema. "Kaa. Safari ilikuwa ndefu. Nitamtuma mtu kwa Waislamu wa Mumias akuletee nyama yenu."

Miaka tisa nimelingoja neno hilo. Alilitamka vizuri, bila kinyongo, kama mtu anavyotamka jina la mgeni aliyemtendea jambo jema. Nikakaa. Nikanywa chai. Aliniuliza habari za Mombasa, kama kuna mvua, kama kazi yangu inaniridhisha. Hakuniambia wewe. Hakunituma kufunga mlango.

Nilipoaga akanisindikiza. Mama hajawahi kunisindikiza; sisi wa pale tukiondoka tunaondoka tu, yeye anaendelea na kazi yake. Siku ile alivaa viatu, akatembea nami mpaka njia panda ya stesheni, akanipa mkono.

"Ahsante kwa kunipelekea," akasema. "Haya, Salim. Wasalimie kwenu."